UZI: Evyatar, makazi ya walowezi yaliyoota bila kibali juu ya Jabal Sabih

Bikoni_Kumi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapotoka habari kwamba Israeli "imehalalisha makazi" kule Ukingo wa Magharibi, naona swali lile lile kwenye maoni: kama yalikuwa haramu jana, leo yamehalalika vipi? Mwingine anadakia: si makazi yote ya walowezi ni haramu, hili lina upya gani? Maswali yote mawili ni ya haki, na majibu yanayotolewa mara nyingi ni ya kukoroga. Nimeona nichukue kilima kimoja tu, tukifuate mwaka hadi mwaka.

Mimi kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Miaka kumi na tisa nabeba tripodi, na nimesimika bikoni nyingi ambazo nilirudi nikazikuta zimeng'olewa usiku. Ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni: mwisho wa yote, hatima ya kilima hiki iliachiwa mpima aende akapime.

Kusini ya Nablus kuna njia panda ambayo Wapalestina wanaiita Zaatara, Waisraeli wanaiita Tapuah. Hapo barabara namba 60, inayopasua Ukingo wa Magharibi kutoka kaskazini hadi kusini, inakutana na ile ya 505 inayoteremkia Bonde la Yordani. Aliyekaa juu ya kilima kinachotazama njia panda hiyo amezishika barabara zote mbili. Kilima kinaitwa Jabal Sabih, na vijiji vitatu vinasema ardhi yake ni yao: Beita, Qabalan na Yatma. Miteremko ina mizeituni.

Aprili 2013 mlowezi aliyeitwa Evyatar Borovsky alichomwa kisu akafa kwenye njia panda hiyo. Wenzake wakapanda kilimani, wakaweka vibanda, wakapaita kwa jina lake. Jeshi likabomoa. Mei 2021 kijana mwingine wa Kiisraeli, mwanafunzi wa chuo cha dini, alipigwa risasi pale pale akafa. Siku zile zile harakati ya walowezi iitwayo Nachala ikapandisha watu upya, na safari hii walikwenda kukaa. Ndani ya wiki chache palikuwa na familia zipatazo hamsini, nyumba za kuhamishika, njia za lami, sinagogi na mahali pa watoto kuchezea.

Kibali hakikuwepo, si cha jeshi, si cha serikali, si cha mipango miji.

Naendelea baada ya kula.

Mama Zuwena

Tiririka mkuu, mkeka nimeshatandika. Ila nifafanulie kitu kimoja: jeshi la Israeli ndilo linalotawala pale. Inakuwaje raia wa Israeli wajenge wiki nzima, na lori zinapanda, na askari wapo?

Bikoni_Kumi

Mama Zuwena, hilo ndilo swali la kwanza ambalo Waisraeli wenyewe walijiuliza.

Mwaka 1998 Ariel Sharon, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliwahimiza walowezi hadharani wakimbilie vilele vya vilima wavishike. Miaka ile serikali ilikuwa haitaki kutangaza makazi mapya kwa sababu ya mazungumzo na Wapalestina na shinikizo la Marekani. Basi yakaanza kuota makazi madogo yasiyotangazwa. Kwa Kiebrania kituo cha namna hiyo wanakiita maahaz.

Baadaye Sharon huyo huyo, sasa Waziri Mkuu, akamtaka mwanasheria Talia Sasson achunguze. Ripoti yake ilitoka Machi 2005 ikataja vituo zaidi ya mia. Na aligundua nini? Kwamba fedha, umeme na barabara vilikuwa vinatoka ndani ya wizara na taasisi za serikali yenyewe, wakati serikali hiyo hiyo haijapitisha uamuzi wowote wa kuvianzisha.

Kisa cha Migron, karibu na Ramallah, kinaonyesha namna ilivyokuwa. Walowezi walilalamika kwamba simu hazishiki mtandao barabarani. Ukasimamishwa mnara wa simu kilimani. Mnara unahitaji umeme, ukavutwa. Mnara unahitaji mlinzi, akaletwa. Mlinzi ana familia. Mkianza kuhesabu, kuna nyumba za kuhamishika hamsini juu ya ardhi ya watu wa vijiji vya jirani. Migron ilikuja kuondolewa mwaka 2012 kwa amri ya Mahakama ya Juu ya Israeli, baada ya zaidi ya miaka kumi.

Sasa tofauti yenyewe, isomeni taratibu. Kwa sheria ya Israeli, makazi yanahesabika halali yakiwa na vitu vinne: uamuzi wa serikali wa kuyaanzisha, ardhi isiyo mali ya mtu binafsi wa Kipalestina, mchoro wa mipango miji uliopitishwa, na amri ya kamanda wa jeshi inayoweka mipaka ya eneo. Kikikosekana kimoja, hapo ni maahaz, nyumba zake ni za kubomolewa. Evyatar mwaka 2021 haikuwa na hata kimoja. Kwa sheria ya kimataifa vitu hivyo vinne havina kazi. Makazi yote ya raia wa Israeli kwenye ardhi iliyokaliwa mwaka 1967, yenye kibali na yasiyo na kibali, ni kinyume cha Ibara ya 49 ya Mkataba wa Nne wa Geneva, inayoikataza dola inayokalia ardhi kuhamishia raia wake humo.

Kwa hiyo mkisikia "imehalalisha", ujue kilichobadilika ni ile sheria ya kwanza peke yake. Ya pili haijasogea hata inchi.

Mchungaji Mstaafu

Ndugu mleta uzi, unaeleza vizuri na kwa adabu, ila umeliacha lililo kuu. Nablus ndiyo Shekemu. Ibrahimu alimjengea Bwana madhabahu pale, someni Mwanzo 12. Watu hawa wanarudi kwa baba zao. Ukishaleta habari za michoro na vibali kwenye nchi ya ahadi, unapima kwa kipimo kisicho chake.

Bikoni_Kumi

Shikamoo Mchungaji. Imani yako naiheshimu na sitabishana na Mwanzo 12. Ila hoja yako iliwahi kufika mahakamani, Yerusalemu, mwaka 1979, kwenye kesi ya Elon Moreh.

Jeshi lilikuwa limetwaa mashamba ya kijiji cha Rujeib, jirani kabisa na Nablus, likisema yanahitajika kwa usalama. Wenye mashamba wakaenda Mahakama ya Juu ya Israeli. Na walowezi wenyewe, kwa ukweli wao ambao nauheshimu, wakaapa mbele ya mahakama kwamba hawakuja kwa ajili ya usalama. Wamekuja kwa sababu Mungu amewaamuru waikalie nchi. Kiapo hicho kiliivunja hoja ya jeshi. Mahakama ikaamua ardhi ya mtu binafsi haiwezi kutwaliwa kwa jina la mahitaji ya kijeshi kumbe shabaha ni makazi ya kudumu. Elon Moreh ikahamishwa mahali pengine.

Yaani majaji wa Israeli wenyewe hawakuiona ahadi ya Maandiko kuwa hati ya shamba. Tangu hapo serikali ikabadilisha njia. Badala ya kutwaa ardhi ya mtu, ikaanza kutafuta ardhi inayoweza kuitwa ya serikali. Hapo ndipo anapoingia mpima.

Kijana wa Likoni

Mkuu, ungetuambia basi Evyatar waliondolewa ama hawakuondolewa. Mimi nakumbuka kuona picha za matairi yakiwaka kila usiku.

Bint Muscat

Hayo matairi ni Beita, Kijana. Naomba niingie kidogo kwa sababu mwaka ule nilikuwa nafuatilia kwa Kiarabu usiku hadi usiku.

Watu wa Beita waliita *irbak layli*, kuwavuruga usiku. Mbinu waliiazima Gaza. Walijigawa kwa makundi: wa matairi, wa mienge, wa kurunzi za leza wanazimulika nyumba za kilimani, wa honi na vipaza sauti. Mchana wazee wanaswali Ijumaa kwenye miteremko, usiku vijana wanapiga kelele walowezi wasilale. Mama mmoja nilimwona kwenye video amekaa mlangoni anakatakata nyanya za watu wa zamu ya usiku, kisu hakisimami, na nyuma yake mbingu nyekundu kwa moshi. Hakuinua kichwa.

Na risasi zilikuwepo. Wapalestina kadhaa waliuawa na jeshi kwenye maandamano hayo mwaka 2021 peke yake, wengine vijana wadogo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Septemba 2024, Ayşenur Ezgi Eygi, mwanamke wa miaka 26 mwenye uraia wa Marekani na Uturuki, alipigwa risasi ya kichwa pale pale Beita. Jeshi la Israeli lilisema kuna uwezekano mkubwa alipigwa bila kukusudiwa. Familia yake haikukubali maelezo hayo.

Bikoni_Kumi

Ahsante dada Bint Muscat, umenisaidia sehemu ambayo nisingeiweza.

Kijana, waliondoka, ila kwa makubaliano. Juni 2021 iliingia serikali ya Naftali Bennett. Ikakaa na viongozi wa walowezi wakaafikiana: familia zitoke kwa hiari, nyumba zisibomolewe, askari wakae pale, kisha ufanyike upimaji kujua ni sehemu gani ya kilima inaweza kutangazwa ardhi ya serikali. Ikionekana ipo, kitajengwa chuo cha dini na makazi yatapangwa. Walitoka Ijumaa, tarehe 2 Julai.

Tafakari hapo. Nyumba zilizojengwa bila kibali zinabaki zimesimama, zinalindwa na jeshi, zinasubiri upimaji utakaosema kama zilikuwa na haki ya kujengwa. Katika kazi yangu mpima anatangulia, mjenzi anafuata. Pale mjenzi ametangulia, na mpima anapanda kilima huku milango imeshapakwa rangi. Ukimtuma mtu akapime katika hali hiyo, umeshamnong'oneza jibu unalolitaka. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kutumwa kupima namna hiyo.

Sasa mpima anatafuta nini? Anatafuta sheria ya Waturuki. Sheria ya Ardhi ya Dola ya Osmani, ya mwaka 1858, bado inafanya kazi Ukingo wa Magharibi. Utawala wa Yordani ulianza kusajili mashamba kwa majina ya wenyewe, lakini ilipofika vita vya 1967 ni karibu theluthi moja tu ya ardhi iliyokuwa imekamilika, na mwaka 1968 jeshi la Israeli likasimamisha zoezi. Ardhi iliyobaki inarudi kwa Waosmani. Nyingi inaangukia kundi la miri: rakaba, yaani umiliki wenyewe, ni ya dola, mtu ana haki ya kuitumia. Ukiilima miaka kumi mfululizo, haki inakuwa yako. Ukiiacha miaka mitatu bila sababu inayokubalika, dola inaweza kuidai.

Kwa hiyo wapimaji wanachukua picha za angani za miaka ya nyuma, wanatazama kipande kwa kipande wapi palilimwa na wapi pana miamba na majani. Palipolimwa panaachwa, pasipolimwa panatangazwa mali ya serikali. Ramani inatoka na matobo kama kanga iliyoliwa na panya. Mwenye pingamizi ana siku 45 kupeleka mbele ya kamati ya rufaa ya jeshi, na mzigo wa kuthibitisha uko begani mwake, si kwa anayetangaza.

Kijana wa Likoni

Lakini mkuu, kile kituo kingine cha walowezi, Amona, kilibomolewa, si ndiyo? Kwa nini Amona ibomolewe na Evyatar ipone?

Bikoni_Kumi

Kwa sababu ya daftari la msajili. Amona ilijengwa katikati ya miaka ya 1990 juu ya ardhi ya Wapalestina wenye majina yanayojulikana. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Israeli iliamuru iondoke, na Februari 2017 familia zipatazo arobaini zikatolewa na polisi. Siku chache baadaye Bunge lao likapitisha kwa kura 60 dhidi ya 52 sheria ya kuziruhusu nyumba zilizojengwa kwenye ardhi binafsi ya Wapalestina zibaki, mwenye ardhi alipwe fidia atake asitake. Mahakama ikaifuta sheria hiyo Juni 2020, majaji wanane dhidi ya mmoja. Na wale wa Amona walijengewa makazi mapya, Amichai.

Jabal Sabih haikuwa na daftari la namna hiyo. Hapo ndipo penye pengo.

Wakili wa Sakina

Nimeusoma uzi wote, mleta mada heko. Naongeza mambo mawili ambayo sisi wa Arusha yanatugusa.

Septemba 1967, miezi mitatu baada ya vita, ofisi ya Waziri Mkuu wa Israeli iliuliza wizara ya mambo ya nje: tukiweka raia wetu kwenye maeneo haya, sheria inasemaje? Mshauri wa sheria wa wizara alijibu kwa waraka wa siri kwamba kuweka makazi ya kiraia kunakiuka Mkataba wa Nne wa Geneva. Mshauri huyo ni Theodor Meron. Ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa ile taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za Mahakama ya Rwanda, ambayo tawi lake liko hapa kwetu Lakilaki. Hivyo hoja ya Geneva haikuanzishwa na maadui wa Israeli. Ilikuwa kwenye kabati lao tangu siku za mwanzo.

La pili. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwamba kuendelea kuwepo kwa Israeli kwenye maeneo hayo ni kinyume cha sheria. Kipengele cha kusimamisha makazi mapya na kuwaondoa walowezi kilipita kwa kura 14 kwa 1. Hiyo moja ilikuwa ya Makamu wa Rais wa mahakama, Julia Sebutinde wa Uganda, ambaye aliona mahakama ilipaswa kukataa kulijibu ombi la maoni hayo. Jaji Abdulqawi Yusuf wa Somalia alikuwa upande wa wengi. Ukanda wetu ulikuwa na sauti mbili pale mezani, na hazikukubaliana.

Kwa haki niseme pia hoja ya Israeli rasmi: kwamba eneo halikuwa mali halali ya dola yoyote mwaka 1967, kwa kuwa hatua ya Yordani ya kulitwaa mwaka 1950 ilitambuliwa na nchi chache sana, kwa hiyo ni eneo lenye mgogoro wala si eneo lililokaliwa. Mahakama hiyo ilishaikataa hoja ya namna hii mwaka 2004 kwenye shauri la ukuta ambao Israeli iliujenga Ukingo wa Magharibi.

Mama Zuwena

Sasa mkuu malizia, upimaji ulisemaje?

Bikoni_Kumi

Ulisema ipo ardhi ya kutangaza. Mwanzoni mwa 2022 Mwanasheria Mkuu wa Israeli, Avichai Mandelblit, akiwa anamaliza muda wake, akaubariki mpango. Aprili 2023 maelfu waliandamana kupanda kilimani, Bezalel Smotrich na Itamar Ben-Gvir wakiwa miongoni mwao, mawaziri wa serikali wanaelekea mahali ambapo kwa sheria ya serikali yao bado ni haramu. Mwaka huo huo familia zikaanza kurudi. Juni 2024 baraza la mawaziri la usalama likaamua kuhalalisha vituo vitano, Evyatar kikiwemo, na Smotrich akalihusisha jambo hilo na nchi zilizolitambua taifa la Palestina. Julai zikatangazwa dunamu 66 kuwa ardhi ya serikali. Dunamu nne ni kama ekari moja, kwa hiyo ni ekari zipatazo kumi na sita.

Ekari kumi na sita. Mimi hupima eneo kama hilo kwa siku mbili na vijana watatu.

Kuna kitu nimekiacha makusudi. Sheria ile ya Waosmani ina kundi jingine linaloitwa mawat, ardhi mfu. Ili ardhi ihesabike mfu, kipimo chake kimojawapo ni sauti: iwe mbali na kijiji kiasi kwamba mtu akisimama pembeni mwa makazi akaita kwa nguvu zake zote, asisikike. Bint Muscat aliposimulia honi na kelele za Beita usiku hadi usiku, mpaka familia za kilimani hazilali, nilisimamisha nilichokuwa nakifanya. Walioandika kipimo kile mwaka 1858 wangesimama pale wangejibiwa swali lao bila kamba wala ramani.

Mchungaji Mstaafu

Nimekuelewa zaidi ya nilivyotarajia, kijana wangu. Msimamo wangu juu ya ahadi haujabadilika. Ila niulize la mwisho, maana nililelewa shambani: ile mizeituni iliyo miteremkoni, nani anaichuma?

Bikoni_Kumi

Mchungaji, mavuno ya mizeituni kule ni Oktoba na Novemba. Mkulima ambaye miti yake iko karibu na makazi ya walowezi haingii anapotaka. Hupangiwa na jeshi siku chache za kuingia, na mwaka mwingine hapangiwi kabisa. Mwaka asioingia hapalilii, hapogoi, halimi chini ya miti. Majani yanapanda. Na picha ya angani ya mwaka huo inapigwa kama kawaida.